Kisa cha Miritini: treni ya kasi ya abiria inastahili kodi yetu?

Kila Disemba, tiketi za Madaraka, treni ya Mombasa–Nairobi, zikiisha kwenye *639# kabla watu hawajashika mishahara, hoja ileile huzuka Mombasa. Mbona tusijengewe treni ya kasi ya kweli, ile ya kilomita 300 kwa saa, mtu akaenda Nairobi asubuhi, akamaliza shughuli zake, na usiku akalala kwake Kisauni? Swali si la kipuuzi. Morocco wanayo tangu Novemba 2018, na Morocco nayo ni Afrika.

Sisi tuna bahati moja kwenye mjadala huu: hatuna haja ya kukisia. Reli ya Mombasa–Nairobi ipo, imebeba watu tangu 2017, mkopo wake unajulikana, na malalamiko yake pia. Basi kisa ninachokichambua ni hicho. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: pesa za umma zinafaa kuingia kwenye treni za abiria, lakini kwenye njia hii ya Mombasa–Nairobi kasi ni kitu cha mwisho cha kununua. Sababu moja iko Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, na nyingine iko bandarini.

Kilichojengwa

Ujenzi ulizinduliwa Novemba 2013 na Rais Uhuru Kenyatta. Treni ya kwanza ikaondoka Mombasa tarehe 31 Mei 2017, na abiria wa kawaida wakaanza kupanda siku iliyofuata, Madaraka Dei, ndiyo maana ya jina. Njia ina urefu wa kilomita 472, ni reli ya njia moja, inatumia injini za dizeli, na ilijengwa na China Road and Bridge Corporation. Treni ya abiria ina mwendo wa juu wa kilomita 120 kwa saa, ya mizigo 80. Gharama iliyotajwa ni shilingi bilioni 327, karibu asilimia 90 ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China.

Kabla ya hapo tulikuwa na reli ya mkoloni, iliyoanza kujengwa Kilindini mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Mwishoni mwa uhai wake treni ya usiku ilikuwa safari ya nusu siku na zaidi ikiwa hakuna kilichoharibika, na kwa kawaida kilikuwapo. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilikuwa imeshauri kwamba kuikarabati ile ya zamani ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Serikali haikuusikiza ushauri huo.

Halafu ikaja ya saa tano kwa shilingi 700. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Yeyote aliyewahi kukesha kwenye basi kutoka Mackinnon Road hadi Salama, trela mbele na trela nyuma, dereva akitafuta nafasi ya kupita kwenye kona, anajua thamani ya kulala usingizi bila kushtuka. Huo usalama ni faida ya umma, na hauonekani kwenye bei ya tiketi. Nauli ikapanda hadi 1,000, na Januari 2024 ikawa 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, kwa sababu ya bei ya mafuta. Watu walilalamika, lakini mabehewa hayakubaki matupu. Abiria ni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka.

Kwa hiyo, kama swali ni kama Wakenya watapanda treni nzuri wakiwekewa, jibu limeshapatikana.

Saa tano zinazogeuka nane

Chukua mama anayetoka Umoja, Nairobi, kwenda kwa mwanawe Ukunda. Kutoka nyumbani hadi stesheni ya Syokimau, kwa matatu na foleni ya Mombasa Road, ni saa nzima asipokuwa na mkosi. Akikosea saa ya treni ya mjini inayounganisha na SGR, yaani reli hii mpya, basi ni zaidi. Anatakiwa awe pale saa moja mapema kwa ajili ya ukaguzi. Ukaguzi wenyewe kila msafiri anaujua: mabegi yanapangwa chini kwenye mstari mmoja, sanduku la magurudumu kando ya gunia la viazi lililofungwa kwa kamba, wenye mizigo wanaambiwa wasogee, mbwa anapitishwa akinusa moja baada ya jingine, kisha kila mtu anarudi kuchukua chake na kwenda kwenye mashine. Ndani ya jengo tena ni tiketi, kitambulisho, ngazi.

Kisha zinakuja zile saa tano, ambazo kwa kweli ni nzuri. Tsavo inapita dirishani, ndovu wekundu kwa vumbi, na njia imeinuliwa ili wanyama wapite chini.

Miritini anashuka na watu zaidi ya elfu moja kwa wakati mmoja, na wote wanataka kutoka kwa lango moja. Treni ya saa tisa mchana inafika usiku umeingia. Nje ni tuktuk, teksi, matatu za mjini, na makanga wanaosoma mzigo wako kabla ya uso wako. "Mama, Diani? Twende na Dongo Kundu, feri huioni leo." Huyo anasema kweli: tangu daraja za Mwache na Mteza kwenye barabara ya Dongo Kundu zifunguliwe kwa magari mwaka 2024, anayekwenda Kusini hana lazima ya feri ya Likoni. Anayekwenda kisiwani ndiye mwenye kazi, maana mbele yake kuna Changamwe na matrela yake, halafu Makupa.

Jumlisha. Saa moja kufika Syokimau, saa moja ya kungoja na kukaguliwa, saa tano za reli, karibu saa moja kutoka Miritini hadi anakokwenda. Ni saa nane, na tatu kati ya hizo treni haihusiki nazo hata kidogo.

Sasa mpe mama huyo treni ya kilomita 250 au 300 kwa saa. Ukiondoa muda wa kushika kasi na kuipunguza, kilomita 472 zinakwisha kwa saa mbili na nusu hivi. Ameokoa saa mbili na nusu, zile tatu ziko palepale. Nenda kinyume: acha treni ilivyo, lakini mfikishe katikati ya mji na upunguze kungoja. Ameokoa saa moja na nusu au zaidi, na hujagusa reli kuu. Tofauti ya gharama kati ya njia hizo mbili ni kubwa kiasi kwamba sioni haja ya kubishana.

Kuna jambo ambalo wanaoshabikia treni ya kasi hapa kwetu hulisahau. Treni hizo hushinda ndege kwa sababu zinamtoa mtu katikati ya mji mmoja na kumshusha katikati ya mji mwingine. Paris–Lyon, tangu 1981, ni hivyo. Sisi tuliweka stesheni ya Nairobi jirani na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na ya Mombasa upande uleule wa bara ulipo uwanja wa Moi. Aliyechora ramani hii alitupa usumbufu wote wa ndege bila mabawa yake. Na stesheni ya zamani ya Mombasa, pale mwisho wa barabara ya Haile Selassie, ingali katikati ya kisiwa, unatoka nje unaingia mjini kwa miguu.

Nani anailipa

Hapa ndipo kisa kinapokuwa cha Mombasa hasa.

Tuseme abiria ni milioni 2.4 kwa mwaka na kila mmoja analipa 1,500, ingawa wengine hushuka Voi au Mtito Andei na kulipa kidogo. Hiyo ni bilioni 3.6. Ongeza kilichozidi cha daraja la kwanza, bado uko karibu na hapo. Mkopo wa Exim ulikuwa vipande viwili vya dola bilioni 1.6 hivi kila kimoja: cha kwanza kwa riba ya asilimia 2, miaka 20, saba ya mwanzo bila kulipa mtaji, yaani pesa yenyewe iliyokopwa, cha pili kwa riba ya soko, kiwango cha LIBOR (riba ambayo benki za London zilikuwa zikikopeshana) na juu yake asilimia 3.6, miaka 15, mitano ya mwanzo ya nafuu. Hata ukichukua LIBOR ya asilimia 1 tu, riba ya mkopo ukiwa mzima ni kama dola milioni 106 kwa mwaka. Kwa bei ya dola ya 2017 hiyo ni karibu bilioni 11. Yaani nauli zote za abiria, kabla hujanunua dizeli wala kumlipa mfagiaji, hazifiki theluthi moja ya riba.

Mtaji ni mbaya zaidi. Gawanya kipande kimoja kwa miaka 13 na kingine kwa 10, unapata dola milioni 283 kwa mwaka, bilioni 36 na ushei dola ikiwa 129. Mwanzoni mwa 2024 dola iligusa 160. Deni la dola halingoji shilingi ipone, na ndiyo maana mwaka 2025 serikali ikaligeuza kuwa la yuan ili kupunguza makali.

Hakuna anayestahili kushangaa kwamba nauli haikulipa. Ni njia chache sana duniani zilizolipa gharama zake zote kwa nauli. Tokyo–Osaka na Paris–Lyon ndizo hutajwa kila mara, na kutajwa kwao kila mara kunakuonyesha jinsi zilivyo chache. Treni ya abiria ni huduma, na huduma huongezewa na kodi. Sina tatizo na hilo. Tatizo langu ni jinsi nyongeza hiyo ilivyotafutwa.

Ya kwanza ilikuwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Hesabu hiyo inafanywa kwenye thamani ya mzigo ukiwa umefika bandarini, pamoja na bima na gharama ya meli, na mwagizaji huirudisha kwenye bei. Mtu wa Lamu au Lodwar ambaye hajawahi kuiona Madaraka anaichangia kila anaponunua kilichotoka ng'ambo. Angalau ushuru huu uko wazi: umepitishwa kwa sheria na unaweza kupingwa bungeni.

Ya pili ndiyo iliyotuumiza. Mamlaka ya Bandari ilifunga mkataba na Shirika la Reli wa kuahidi kiasi cha mizigo. Mizigo isipofika, bandari inalipa pengo. Mizigo nayo haikuja kwa hiari, kwa sababu kontena likishafika bandari kavu ya Embakasi bado linahitaji lori la kulifikisha ghalani, na mfanyabiashara anajua kupiga hesabu. Basi ikabidi ilazimishwe. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara ipande SGR. Wenye malori, wenye bohari za makontena, mawakala wa forodha, madereva na matanboi wao wakaona mkate unaondoka. Maandamano ya Jumatatu yakaujaza mji, na Oktoba amri ikasitishwa. Kelele hazikuisha mpaka Septemba 2022, Rais Ruto alipoirudisha Mombasa kazi ya kutoa mizigo.

Ukipita Mariakani au Mtito Andei kipindi kile ungeona maana ya sera hiyo bila kusoma gazeti: vibanda vya chapati na maharagwe vimefungwa, gereji kimya, vyumba vya kulala vya shilingi mia tatu havina mgeni.

Mikataba yenyewe ilikuwa siri. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa, kwenye kesi ya wanaharakati wa hapa, iliamuru itolewe. Novemba mwaka huo Waziri Kipchumba Murkomen akachapisha baadhi ya kurasa. Yaani zaidi ya miaka mitano mji ulikuwa ukibeba dhamana ambayo haukuruhusiwa kuisoma.

Na baada ya yote hayo, mwaka 2022 reli ilibeba kama tani milioni 6 ilhali bandari ilishughulikia karibu milioni 34.

Ya kasi ingekuwaje

Kwanza, haiwezekani kuipandisha tu mwendo hii iliyopo. Reli ni moja, treni hupishana kwenye vituo maalumu, na treni ya mizigo ya kilomita 80 haiwezi kuondoka njiani kila ya abiria inapokuja kwa 250. Kona zingelazimika kunyooshwa, umeme uvutwe njia nzima, uzio uimarishwe katikati ya Tsavo, na kupanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mita 1,700 hivi, kupangwe upya. Kwa lugha nyepesi: unajenga reli ya pili.

Bei? Kipande kipya cha Morocco, Tangier hadi Kenitra, ni kama kilomita 200, na mradi pamoja na treni zake uligharimu takriban dola bilioni 2.4. Kwa kipimo hicho, yetu ni zaidi ya bilioni 5 na nusu, yaani shilingi bilioni 700 na kitu. Na Morocco wana kitu ambacho sisi hatuna: kati ya Tangier na Casablanca kuna Kenitra na Rabat, miji mikubwa iliyopangana pwani moja, na safari ilishuka kutoka saa nne na dakika 45 hadi saa mbili na dakika 10. Wanabeba zaidi ya abiria milioni 5 kwa mwaka. Sisi kati ya miji yetu miwili tuna mbuga ya wanyama. Ni mbuga nzuri, lakini ndovu hakati tiketi.

Hata matajiri wameshikwa na bei. California walipiga kura mwaka 2008 kutoa karibu dola bilioni 10 za hatifungani, makadirio ya gharama wakati huo yakiwa kama 33. Sasa yanazungumzwa zaidi ya bilioni 100, na hakuna abiria aliyepanda. Uingereza ilikata kipande cha Birmingham–Manchester Oktoba 2023 kwa sababu hiyohiyo.

Mwenye hoja ya upande wa pili atanitajia Japani, na anayo haki. Njia ya Tokyo–Osaka ya 1964 ilipingwa nyumbani kwao kama anasa, ikajengwa kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, na ikawa mgodi. Ila pale makumi ya mamilioni ya watu walikuwa tayari wanasafiri kwenye reli ya zamani iliyojaa mpaka haipumui. Walijenga baada ya kujaa. Yetu inajaa Disemba na shule zikifunga. Jumanne ya Februari tiketi unaipata.

Jirani

Mfano unaotufaa uko karibu zaidi. Tanzania walianza safari za abiria Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024, na Agosti Rais Samia akazindua hadi Dodoma. Ni ya umeme, kilomita 160 kwa saa, na Dar hadi Dodoma haifiki saa nne kwa treni ya haraka. Duniani 160 haihesabiwi kuwa kasi. Lakini stesheni ya Dar iko mjini kabisa, Kariakoo karibu na feri ya Kigamboni karibu. Hiyo ndiyo saa moja na nusu ninayoizungumzia, imenunuliwa kwa kuchagua kiwanja tu. Nao wana madeni yao, siwapambi, ila abiria akishuka ameshafika.

Kwa Mombasa, pesa ya kwanza ya umma iende kwenye reli ya zamani inayotoka Haile Selassie, ikavuka Makupa na Changamwe. Kazi ya kuiunganisha na Miritini ilianza miaka kadhaa baada ya SGR kuanza kubeba watu, wakati ilitakiwa iwe kwenye mchoro wa kwanza. Thamani yake itategemea ratiba: treni ya mjini ingoje ile kubwa, hata ikichelewa, na tiketi iwe moja. Abiria wa saa mbili usiku akiikuta imeondoka, atarudi kwa tuktuk na hatajaribu tena.

Pesa ya pili ni ya ukaguzi. Milango zaidi, mashine zaidi, wafanyakazi zaidi saa za msongamano. Haina utepe wa kukata kwa hiyo haitapata mgeni rasmi, lakini nusu saa kwa abiria milioni 2 ni saa milioni moja kila mwaka.

Pesa ya tatu ni ya treni ya asubuhi, ile inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kufa kwenye ndoto ya kilomita 300, kwa sababu treni ya kasi ikisimama kila baada ya kilomita 60 si ya kasi tena. Mwalimu wa Voi mwenye kliniki Mombasa leo anaweza kuipanda. Kurudi jioni ileile ndiyo shida, maana ya mchana na ya usiku hazikuwekwa kwa ajili yake. Treni ya pili ya vituo, inayotoka Miritini alasiri na kulala Mtito, ingetaka mabehewa na dizeli, na ingelipiwa kwenye bajeti ya kawaida, kwa kiasi kinachosomwa bungeni kila Juni. Bandari isitie sahihi popote.